Mashine Iliyokataa Feni ya Igoma

Mtu akifika Igoma, pembeni mwa jiji la Mwanza, akauliza kwa Mama Vifaranga ni wapi, haelekezwi kwa kidole, husindikizwa. Na anayemsindikiza humpa habari njia nzima: kwamba huyo mama ndiye aliyejaza kuku mitaa yote kutoka hapa hadi Buhongwa, na kwamba jogoo unayemsikia akiwika alfajiri, bila shaka alitotolewa chumbani kwake. Jina lake ni Paskazia Mayala. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti inayotangulia mlangoni kabla yeye mwenyewe hajatoka. Watu husema Wasukuma ni wapole kupita kiasi. Waliosema hivyo hawajawahi kumpelekea Paskazia mayai machafu.

Kazi yake ni kutotolesha. Kina mama wanamletea mayai ya kuku wa kienyeji, anayapanga kwenye mashine, na baada ya wiki tatu anawarudishia vifaranga. Ujira wake ni vifaranga vichache katika kila kundi. Yai lisilo na mbegu humrudishia mwenyewe kabla halijaharibika, na humwambia usoni: "Jogoo wako mzee huyo, mpikie wageni." Watu wanacheka, lakini wanarudi. Katika kazi hii uaminifu ndio kila kitu, maana mayai yote yanafanana, na mtu mwenye tamaa angeweza kusema lako ndilo lililooza.

Tabia hiyo ya kunyooka aliipata mnadani. Baba yake, mzee Mayala, alikuwa akipeleka ng'ombe minadani huko Magu na Kwimba, na kwa kuwa watoto wake wa mwanzo wote walikuwa wasichana, alimchukua Paskazia awe anafuatana naye. Mtoto akajifunza kumtazama ng'ombe meno, na muuzaji macho. Zaidi ya yote akajifunza sheria ya kamba. Mnaweza kuelewana bei, mkacheka, mkapeana na tumbaku, lakini ng'ombe hajauzwa bado. Anauzwa pale muuzaji anapoitoa kamba mkononi mwake na kuitia mkononi mwa mnunuzi, mbele ya watu wanaotazama, huku akisema kwa sauti, "Huyu ni wako." Baada ya hapo ng'ombe akivunjika mguu njiani ni shauri la mnunuzi. Akizaa mapacha, ni bahati ya mnunuzi. Aliyeuza haruhusiwi hata kumuita yule ng'ombe kwa jina.

Alipokuwa mkubwa alikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kule ufukweni upande wa Ilemela. Alisimama miaka mingi kwenye sakafu yenye barafu, amevaa buti za mpira, kisu mkononi, samaki wanapita mbele yake bila kwisha. Hakuwa na ugomvi na samaki. Ugomvi wake ulikuwa na filimbi. Filimbi ilipulizwa watu wakaanza kazi, ikapulizwa wakala, ikapulizwa wakaenda chooni, na mwenye filimbi alikuwa kijana ambaye Paskazia angeweza kumzaa. "Kisu kilikuwa mkononi mwangu," husema mpaka leo, "lakini mkono ulikuwa wa mwenye filimbi." Alipoacha kazi alitoka na magoti yanayotabiri mvua, na nadhiri moja: chochote atakachokifanya maisha yaliyobaki, hakuna mtu atakayempulizia.

Akaanza na sanduku la plaiwudi alilojigongea mwenyewe, taa ndani na sahani ya maji chini. Vifaranga vikatoka, majirani wakashangaa, sanduku likawa dogo. Ndipo alipokuja Kevin.

Kevin alikuwa muuzaji wa kampuni moja yenye makao Dar es Salaam, kijana nadhifu, mashati yake hayajui vumbi. Alimwonyesha Paskazia picha ya mashine ya kisasa: kabati jeupe lenye mlango wa kioo, trei zinazojigeuza zenyewe, na skrini inayoonyesha joto na unyevu. Ndani yake ilikuwa na laini ya simu, ikizungumza na ofisi Dar, ili hitilafu yoyote ijulikane mapema. Paskazia alikuwa amejiwekea akiba. Hakukopa, alilipa yote siku moja, na siku mashine ilipoletwa aliwaita watu washuhudie: jirani yake Rebeka, na Ojuok, fundi wa redio na simu mwenye kibanda kando ya barabara, mtu wa Shirati aliyehamia Igoma zamani sana.

"Nipe kamba," Paskazia alimwambia Kevin.

"Kamba gani, mama?"

"Ya mashine. Ile ya umeme. Nitie mkononi mbele ya hawa, useme ni yangu."

Kevin alicheka, lakini hakuwa na kiburi. Alichukua waya wa umeme kwa mikono miwili, akaukabidhi kwa heshima kama anayekabidhi kombe, akasema kwa sauti, "Mama, mashine hii ni yako kuanzia leo." Rebeka akapiga vigelegele. Soda zikafunguliwa, mashahidi wakanywa, biashara ikaisha kama zinavyoisha biashara za watu wenye akili.

Kisha mashine ikawashwa, na kwenye skrini yakaanza kupita maneno. Yalikuwa mengi, madogo, yanapanda kama sisimizi, na mwisho wake palikuwa na kitufe kilichoandikwa NAKUBALI.

"Bonyeza hapo tu mama," Kevin alisema. "Ni kawaida."

Paskazia akabonyeza huku akiongea na Rebeka, kama mtu anayefukuza nzi. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo binti wa mnadani peke yake ndiye angelifanya. Kwake yeye biashara ilikuwa imekwisha tangu kamba ilipohama mkono. Aliyeuza keshasema, mashahidi wamesikia, soda zimenyweka. Maneno yanayokuja baada ya hapo ni soga tu.

Mashine ilifanya kazi vizuri, haki lazima isemwe. Mayai yalitotoka kwa wingi, sifa za Paskazia zikavuka reli. Mpaka msimu mmoja wa kiangazi, vumbi la Igoma, ambalo halimheshimu hata mchungaji, likaingia kwenye feni ya mashine na kuiua. Feni ndiyo inayosambaza joto ndani. Bila feni, mayai ya juu yanaiva na ya chini yanapoa. Mashine ilikuwa imejaa. Paskazia hakupoteza muda, alimwita Ojuok. Naye akaja na bisibisi yake na feni nyingine nzuri kabisa, ya ukubwa uleule na nguvu ileile, akaifunga, ikazunguka. Mambo yakaendelea. Ndivyo vitu vinavyoishi Igoma: kikifa kiungo, kinatafutwa kingine. Kuna pikipiki hapa ambazo kilichobaki cha kiwandani ni jina tu.

Katika mayai yaliyokuwemo, trei ya chini yote ilikuwa ya Dorcas.

Dorcas ni mjane kutoka pwani ya Majita, huko Mara, anaishi nyumba chache kutoka kwa Paskazia. Ana sauti ndogo na subira kubwa. Alikuwa na kundi la kuku kishingo, wale wenye shingo tupu, ambao mbegu yao aliitoa kwa mama yake mzazi alipoolewa. Alibeba jogoo mmoja na mitetea wake kwenye tenga mpaka Mwanza, na tangu siku hiyo hakuwahi kununua kuku wa mtu mwingine. Kuku hao ndio waliosomesha watoto wake. Sasa, siku chache baada ya kumletea Paskazia mayai, mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukapita mtaani. Dorcas alikuwa ameshaomba chanjo. Aliambiwa itakuja kesho. Kesho akaambiwa kesho. Kuku wake wakaanza kusinzia, wakapinda shingo, na kabla ya Jumapili banda likawa tupu. Alizika mpaka jogoo. Kilichobaki cha kundi la mama yake duniani kote ni mayai yaliyokuwa kwenye trei ya chini ya mashine ya Paskazia.

"Yatatoka," Paskazia alimwambia siku ile, amemshika bega. "Nakuambia mimi, yatatoka." Naye si mtu wa kutoa neno halafu akalitafuta.

Wiki ya mwisho ilipofika, asubuhi moja, Paskazia aliingia chumbani akakuta kimya. Feni imesimama. Chuma cha joto kimepoa. Umeme upo, redio ya jirani inaimba. Kwenye skrini kulikuwa na maandishi mekundu: KIFAA KISICHOTAMBULIKA. MASHINE IMEFUNGWA. WASILIANA NA HUDUMA KWA WATEJA.

Aliizima akaiwasha. Maandishi yaleyale. Akapiga simu, na baada ya muziki mrefu usio na wimbo akapokewa na binti mwenye adabu.

"Mama, mfumo unatuonyesha kuna feni ambayo haitambuliki."

"Inatambulika," Paskazia alisema. "Ni feni. Mimi naitambua, fundi anaitambua, na mayai yanaitambua kwa sababu imeyapepea siku zote hizi."

"Mfumo ndio haujaitambua, mama. Usiku ulipofanya ukaguzi ukaona si ya kampuni. Mashine imejifunga kwa usalama wako."

"Usalama wangu? Mwanangu, mimi siko ndani ya mashine. Ndani kuna mayai. Ifungueni."

"Haturuhusiwi, mama, mpaka iwekwe feni ya kampuni na fundi aliyeidhinishwa. Tunaweza kumtuma wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa na trei za mizoga. Mashine ni yangu, nimeinunua!"

"Ni kweli, mashine ni yako, mama," binti alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliouma. "Ila mfumo ni wa kampuni."

Paskazia alikata simu. Alisikia hasira inapanda kutoka kwenye yale magoti mabovu mpaka kooni. Miaka yote hiyo alidhani filimbi aliiacha kule kiwandani. Kumbe aliinunua kwa pesa yake mwenyewe, akaiweka chumbani, akaifuta vumbi kila asubuhi.

Hasira haiatamii mayai. Alitoka nje akaita, na Igoma ikiitwa na Mama Vifaranga huitika. Wenye mayai wakaja na vikapu vyao. Waliokuwa na kuku wanaoatamia, au majirani wenye nao, wakabeba mayai yao wamefunga ndani ya kanga, wakaenda kuyapachika chini ya kuku. Rebeka alimwambia kuku wake, "Sogea, umepata wageni." Kabla jua halijawa kali, trei za juu zilikuwa tupu.

Trei ya Dorcas haikuguswa. Hakuna aliyesema kwa nini, wala hakukuwa na haja. Mayai yametoka kwenye banda lililopigwa na mdondo, nani atayaweka chini ya kuku wake mzima? Dorcas mwenyewe hakumlaumu mtu. Alikaa chini karibu na jiko la mkaa, akayapokea mayai yake mapajani, juu ya kanga na chini ya blanketi, akawa anayageuza pole pole. Paskazia alichukua moja, akaligusisha kwenye kope ya jicho lake, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Yai likiwa na joto la kutosha, kope hailisikii. Hili alilisikia kidogo, baridi kwa mbali.

Ojuok alifika na mfuko wake wa vifaa, akasoma skrini, akaguna.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Huyu wako, Mama Vifaranga, kamba yake ndefu. Imefungwa Dar."

"Sitaki methali, Ojuok. Unaweza kuifungua?"

"Kuifungua siwezi. Huo ubongo wake wamiliki ni wao, hausikii mtu mwingine. Lakini naweza kuupita." Akamweleza. Atakata nyaya zinazotoka kwenye ubongo wa mashine, ataunganisha feni na chuma cha joto moja kwa moja na umeme, na katikati ataweka kidhibiti joto cha kawaida alichokuwa nacho kibandani. Trei hazitajigeuza tena, Paskazia atageuza mayai kwa mkono. Skrini itakufa. Na kampuni haitaigusa mashine hiyo tena maisha. "Na siahidi kitu," aliongeza. "Kidhibiti changu hakijawahi kulea mayai. Kinaweza kuzidisha, kinaweza kupunguza. Tutakijua kwa kukitumia."

Paskazia alikuwa bado anatafakari pikipiki iliposimama nje. Alikuwa Kevin. Paskazia alikuwa amempigia pia, akamwambia maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa, na sifa ya kijana ni kwamba alikuja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Akamsogezea kigoda, akawaita Rebeka na Ojuok wakae pembeni yake, mashahidi walewale. "Kevin, mwanangu, nitakuuliza jambo moja. Kwetu Usukumani, mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa jirani. Tunaita kubilisa. Jirani anakunywa maziwa, anatumia samadi, lakini ng'ombe si wake. Hawezi kumuuza, hawezi kumchinja, akifa anapeleka ngozi kwa mwenyewe. Si dhambi, ni utaratibu mzuri. Ila husemwa siku ya kwanza, mbele ya watu. Sasa niambie. Siku ile uliniuzia mashine, au uliibilisa kwangu?"

Kevin alitazama sakafu. "Nilikuuzia, mama. Mimi nilijua nimeuza." Akainua macho. "Kuhusu kujifunga kwa sababu ya feni, naapa hata mimi nimejua leo."

Walimwamini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuza ng'ombe kwa nia njema akasikia ameanguka njiani. Aliomba dakika, akatoka nje, akapiga simu Dar, wakamsikia akibembeleza, akipandisha sauti, akibembeleza tena. Aliporudi alikuwa na nafuu usoni.

"Wamekubali kuifungua, mama. Sasa hivi, kutoka hukohuko. Inatakiwa tu ubonyeze tena Nakubali."

"Nakubali nini?" Safari hii Paskazia aliuliza.

Kevin akasoma kwenye simu, akafupisha. Kwamba mteja anakiri alikosea kuweka feni ile. Kwamba hatafungua tena mashine wala kumruhusu fundi asiye wa kampuni. Kwamba vipuri vyote vitatoka kwa kampuni. Kwamba kampuni inaweza kuifunga mashine tena pale itakapoona inafaa.

Kidole cha Paskazia kilikuwa karibu kabisa na skrini. Angebonyeza, joto lingerudi pale pale, mayai ya Dorcas yangekuwa salama. Kitu rahisi namna hiyo. Na moyo wake wote ulikuwa unasema hapana, kwa nguvu iliyomtia hofu. Alijua asili ya hapana ile. Ilikuwa hapana ya filimbi. Lakini mayai hayakuwa yake. Mtu anaweza kujivuna kwa mali yake mpaka afe maskini, huo ni uhuru wake. Kujivuna kwa mali ya mjane ni jambo lingine.

Akaondoa kidole, akaenda kuchuchumaa mbele ya Dorcas.

"Mdogo wangu, umesikia yote. Nikibonyeza, yamepona leo. Ojuok akikata, ni bahati nasibu. Kiburi ni changu, mayai ni yako. Sema wewe, na utakalosema sitalinung'unikia."

Mikono ya Dorcas ilikuwa inaendelea kugeuza chini ya blanketi. Kisha akamgeukia Kevin, na sauti yake ndogo ikawafanya wote wainame kidogo kusikia.

"Mwanangu, tukibonyeza leo, ikijifunga tena itakuwaje?"

"Mtapiga simu, mama."

"Na fundi?"

"Atakuja." Kevin alisita. Hakuwa mwongo, na hapo ndipo palipompa tabu. "Atakuja wiki inayofuata."

"Eeh," Dorcas alisema. "Na kuku wangu niliwangojea dawa hivyohivyo. Kila siku mtu mpole ananiambia kesho. Nimewazika wote nikiwa nangoja, simu mkononi." Akafunua blanketi kidogo, akayatazama mayai yake. "Nikiyapoteza haya leo, nitakuwa nimeyapoteza nikifanya kitu. Ojuok, kata."

Paskazia alisikia machozi yanakuja, akayameza, akageuka kwa fundi kwa sauti yake ileile ya kila siku.

"Umesikia mwenye mayai? Unangoja filimbi?"

Ojuok akafungua mgongo wa mashine. Kevin alisimama, akasema kwa kazi yake hapaswi kuona jambo hili, akageuka ukutani. Lakini chumba kilikuwa na giza kule nyuma ya kabati, na Ojuok akalalamika haoni. Basi Kevin, akiwa bado ametazama ukuta, akanyoosha mkono nyuma yake na kuwasha tochi ya simu. Rebeka alicheka mpaka akashika ukuta.

Waya ulipokatwa, yale maandishi mekundu yalizimika mara moja. Ojuok akaunganisha, akalehemu, akafunga kidhibiti chake kwa skrubu mbili tofauti. Akasema, "Haya." Paskazia ndiye aliyechomeka waya ukutani. Feni ikazunguka. Chuma cha joto kikaanza kuwa chekundu. Wakaning'iniza kipimajoto cha kioo ndani ya mlango na kukitazama wote, Kevin naye kasahau ukuta. Joto likapanda, likapita, Ojuok akapunguza. Likashuka mno, akaongeza. Kupanda mchongoma kulikuwa kumekwisha, iliyobaki ilikuwa ngoma ya kushuka. Jua lilipoanza kuegemea upande wa ziwa, kipimajoto kilitulia, na Paskazia akachukua yai moja akaligusisha kwenye kope. Hakulisikia kabisa.

"Leteni trei," alisema.

Siku zilizobaki Paskazia na Dorcas walipeana zamu mbele ya ule mlango wa kioo. Waliweka sahani ya maji, waliongeza, walipunguza, walibishana. Alipomulika mayai kwa tochi, Paskazia aliona mengine yametulia, hayana dalili, na alimwambia Dorcas ukweli kama kawaida yake. Mengine yalikuwa yamejaa, na ndani ya kivuli kulikuwa na kitu kinachosukuma.

Kevin alirudi siku ya kutotoa, bila kujua ndiyo siku yenyewe. Ofisi ilimtuma apige picha za mashine iliyoharibiwa na kuandika taarifa. Alikuta chumba kimejaa wanawake, wamekaa sakafuni, hakuna aliyemtazama.

"Nyamaza, kaa," Rebeka alimwambia, ingawa hakuwa amesema kitu.

Kutoka ndani ya kabati kulikuwa kunasikika sauti nyembamba, kwanza moja, kisha nyingine ikiijibu. Ganda moja lilikuwa na tundu. Tundu likapanuka, likawa mstari, ganda likafunguka, na kiumbe kilicholowa, cheusi, kikajitupa nje na kulala pale kikihema. Kikapepewa na feni ya Igoma. Kikainua kichwa. Shingo yake ilikuwa tupu, nyekundu, bila unyoya hata mmoja.

"Kishingo!" Dorcas alipiga kelele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. "Kishingo cha mama! Jamani, mama yangu huyu!" Akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia na kucheka kwa pamoja, na wanawake wakaangusha vigelegele vilivyowatoa mafundi vibandani mwao mpaka barabara ya Musoma. Kikafuata kingine, na kingine. Si yote yaliyotoka. Mengine yalibaki kimya kwenye trei, na Paskazia aliyaondoa bila maneno. Lakini waliotoka walitosha kuwa kundi.

Paskazia alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, na hakujaribu kuficha alivyojisikia. Alijivuna. Alijivunia Dorcas, na Ojuok, na hata ile feni. Alijivunia kabati lake lililotobolewa mgongo, linalototoa bila kumuomba mtu ruhusa.

Kevin alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo. Alikuwa ameuza mashine hizo mkoa mzima, hajawahi kuona hata moja ikitotoa. Dorcas akafungua mlango, akachukua kifaranga kilichokwisha kukauka, akamwekea kwenye kiganja. Kijana akakishika kwa woga, shati lake safi limeshika vumbi magotini, wala hakujali.

Baadaye akakumbuka kilichomleta. Akatoa simu, akaitazama, akaona aibu kidogo.

"Mama, huko Dar hawaioni tena. Kwenye mfumo inaonyesha imekufa. Nitawaandikia nini?"

"Waandikie," Paskazia alisema, "mashine yangu imetotoa."